Baba alikufa kwa kansa ya utumbo, kaka katolewa vinyama: je, nami nisiyeumwa nipime?

Swali: Daktari, shikamoo. Nina miaka 46, mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Kaka yangu mkubwa ana miaka 54, yuko Leicester, Uingereza. Mwaka huu alitumiwa kipimo cha choo kwa posta, akakirudisha, wakamwita kwamba kuna damu isiyoonekana kwa macho. Akaingizwa kamera, wakamkuta na vinyama viwili kwenye utumbo mpana, wakavitoa palepale. Kansa hakuna. Sasa kila wiki ananipigia simu eti nami nikapime, kwa sababu baba yetu alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 52. Sisi watoto tuliambiwa ni tumbo, lakini mama ametunza karatasi ya hospitali iliyoandikwa adenokasinoma ya utumbo mpana. Mimi siumwi, choo napata vizuri, damu sijawahi kuona. Mume wangu anasema anayetafuta hupata, niache kuchokoza. Duka la dawa la hapa mtaani wanauza kipimo cha choo kwa bei ndogo. Kikitoka safi kitatosha? Hiyo kamera, kusema kweli, naionea aibu na naiogopa.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Pole kwa msiba wa mzee, hata kama ni wa siku nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye ile karatasi ambayo mama ameitunza miaka yote hii. Familia nyingi zinazofika kwangu hazina karatasi kama hiyo. Wanajua tu kwamba babu aliumwa tumbo, shangazi alikuwa na bawasiri isiyopona, basi. Ninyi mnalo neno moja, adenokasinoma, yaani kansa, lililoandikwa na mtu aliyeweka kipande cha nyama chini ya hadubini akakiangalia, na neno hilo linabadilisha jibu langu lote.

Jibu lenyewe ni hili: ndiyo, kapime. Kipimo kinachokufaa wewe ni kamera, hicho cha dukani kiache. Na kwa historia ya kwenu ulipaswa kuanza ulipofikisha miaka 40, kwa hiyo usingoje mwakani. Sasa nikueleze sababu, maana mtu mwenye afya zake haendi kulala kitandani aingizwe mpira nyuma kwa kuwa tu daktari kasema.

Nianze na mumeo, kwa sababu wasiwasi wake ni wa watu wengi na una msingi. Mtu akisikia "kupima kansa" anachofikiria ni kwenda kuambiwa unayo au huna. Ukiambiwa unayo, unarudi nyumbani na mzigo ambao asubuhi hukuwa nao. Kwa kansa kadhaa ndivyo ilivyo: kipimo kinaukuta ugonjwa ukiwa mdogo, na hiyo ni faida kubwa, lakini ugonjwa tayari upo. Utumbo mpana una tabia yake nyingine. Kama ilivyo kwa shingo ya kizazi, kansa ya hapa kwa kawaida hutanguliwa na kitu ambacho bado si kansa, kinachokaa miaka mingi, kinachoonekana kwa macho, na ambacho mara nyingi hutolewa siku ileile kinapoonekana. Kaka yako hakukutwa na ugonjwa. Alikutwa na kile ambacho kingeweza kuja kuwa ugonjwa, na sasa hakipo tena tumboni mwake. Mwambie shemeji hivyo hivyo.

Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu. Utando wake wa ndani hujijenga upya kila baada ya siku chache, kwa sababu unasuguliwa na mabaki ya chakula usiku na mchana. Seli zinazogawanyika kwa kasi namna hiyo hukosea mara moja moja. Kosa la kinasaba likipita bila kurekebishwa, seli huanza kurundikana mahali pamoja na kuota kinyama, ambacho sisi madaktari tunakiita polipu. Zipo polipu zisizo na neno. Tunazozihofia ni zile ziitwazo adenoma. Adenoma ikiendelea kukua hujilimbikizia makosa mengine ya vinasaba, moja juu ya jingine, mpaka siku seli zinapotoboa utando na kuzama ndani ya ukuta wa utumbo. Hapo ndipo jina linabadilika kuwa kansa. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi. Adenoma nyingi hazifiki huko kabisa, lakini kwa kuitazama tu hatuwezi kujua ipi itafika na ipi itabaki njiani, ndiyo maana tunazitoa.

Hiyo miaka 10 ndiyo nataka uishike. Baba yenu alifariki akiwa na miaka 52. Kwa mwendo huo, kile kilichokuja kumuua huenda kilikuwa kimeshaota alipokuwa na miaka 40 hivi, mtu mwenye nguvu zake, anakula, analala, choo anapata vizuri, haoni damu. Yaani alikuwa kama ulivyo wewe leo. Utando wa utumbo hauna neva za maumivu ya kukatwa, kwa hiyo polipu haiumi hata ikiwa kubwa kama zabibu, na ikitoa damu hutoa kidogo kidogo, ikachanganyika na choo bila mtu kujua. Ukiniambia huna dalili, nafurahi, lakini hujaniambia lolote kuhusu polipu.

Tofauti ya kuwahi na kuchelewa naiona kila mwezi. Kwa takwimu za Marekani, kati ya watu 100 wanaokutwa na kansa ambayo haijatoka nje ya ukuta wa utumbo, 90 hivi wanakuwa hai miaka 5 baadaye. Ikishasambaa hadi ini au mapafu, wanabaki 15 hivi. Huku kwetu wengi hufika wakiwa hatua ya tatu au ya nne, na wengi ni vijana kuliko wagonjwa wa Ulaya. Nilimpokea baba mmoja wa miaka 41 aliyekuwa ametibiwa bawasiri kwa miezi minane katika vituo vitatu tofauti, dawa za kuchomeka, dawa za kunywa, mitishamba, na katika miezi yote hiyo hakuna aliyevaa glovu akamchunguza kwa kidole. Kilichokuwa kinatoa damu ningekigusa kwa kidole hicho hicho, sentimita tano tu ndani. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu damu kwenye choo kwetu imepewa majina mawili tu, bawasiri na amiba, na kwa Kanda ya Ziwa tuongeze kichocho cha tumbo. Mara nyingi ni kweli ni mojawapo. Lakini mtu anayeona damu, au ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, au mwanamume aliyeishiwa damu bila sababu, au mwanamke aliyekwisha koma hedhi na damu yake iko chini, huyo si wa kupima kwa kinga. Huyo ni mgonjwa wa kuchunguzwa sasa, awe na miaka 70 au 28. Mwigizaji Chadwick Boseman alikutwa na kansa hii mwaka 2016 ikiwa hatua ya tatu, akafariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Umri mdogo hauzuii kitu.

Wewe uko upande mwingine, upande wa wazima. Je, kuna ushahidi kwamba kumpima mtu mzima kunaokoa? Upo. Mwaka 1993 ulitoka utafiti wa jimbo la Minnesota, Marekani, uliofuatilia zaidi ya watu 46,000. Waliopima choo kila mwaka, na waliokutwa na damu wakaingizwa kamera, walikufa kwa kansa ya utumbo pungufu kwa theluthi moja wakilinganishwa na wasiopimwa. Mwaka 2012, wataalamu wa Marekani waliowafuatilia kwa muda mrefu watu waliotolewa adenoma walitangaza kwamba vifo vya kansa hii kwa watu hao vilikuwa pungufu kwa zaidi ya nusu ya vile ambavyo vingetarajiwa.

Pia upo utafiti ambao wapinzani wa kamera wanaupenda, nami sitaki uusikie kwingine kabla yangu. Ulitoka mwaka 2022, ukihusu watu zaidi ya 84,000 wa Polandi, Norwei na Uswidi. Walioalikwa kufanya kamera walipata kansa pungufu kwa asilimia 18 tu katika miaka 10, na tofauti ya vifo haikuonekana wazi. Magazeti yakaandika kamera haina maana. Ukiusoma vizuri unaona kwamba kati ya walioalikwa, waliokwenda kweli walikuwa asilimia 42. Mwaliko uliowekwa kabatini haumtoi mtu polipu. Watafiti wenyewe walipokadiria ingekuwaje kama wote wangekwenda, upungufu wa kansa ulifika asilimia 31, na miaka 10 kwa ugonjwa unaokwenda polepole namna hii bado ni mapema kuhesabu vifo. Mimi nauamini utafiti huo. Unanizuia kukuahidi kwamba kamera inafuta hatari yote, maana haifuti. Inaipunguza, na kwa mtu mwenye hatari kubwa kama yako, kinachopunguzwa ni kikubwa zaidi.

Sasa hicho kipimo cha dukani. Kaka yako alitumiwa kipimo kizuri, na sitaki ukidharau. England wanawatumia watu wa miaka 50 hadi 74 kila baada ya miaka miwili. Unachukua choo kidogo kwa kijiti, unakirudisha kwenye kichupa, unaposti. Maabara inatafuta protini ya damu ya binadamu, kwa hiyo nyama ya ng'ombe uliyokula jana haileti fujo kama ilivyokuwa kwa vipimo vya zamani. Ni rahisi, hakiumi, mtu anakifanyia chooni kwake. Kwa mtu wa kawaida asiye na historia kwenye familia, ni njia halali kabisa, na Marekani tangu 2021 jopo lao la taifa la kinga linashauri kuanza kupima ukiwa na miaka 45 badala ya 50, kwa choo kila mwaka au kwa kamera kila miaka 10 kama kamera imetoka safi.

Lakini kipimo hicho kina udhaifu ambao kwako ndio penyewe. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2014, wa watu karibu 10,000, kipimo cha choo cha mara moja kiligundua karibu robo tatu ya kansa zilizokuwepo, ila kwa zile adenoma kubwa, zile ambazo tungetaka kuzitoa kabla hazijageuka, kiligundua robo tu. Tatu kati ya nne zilipita. Kwa jamii nzima hilo linavumilika, kwa sababu kipimo kinarudiwa mwaka hadi mwaka na polipu iliyoponyoka leo itanaswa kesho kutwa. Kwako, binti wa mtu aliyekufa kwa kansa hii kabla ya miaka 60 na dada wa mtu aliyetolewa polipu, siko tayari kuacha tatu kati ya nne zipite. Tena vile vya dukani, vya kusoma mistari kama kipimo cha mimba, vingine hukaa kwenye joto la Tanga miezi mingi, na kemikali zake za kutambua damu huweza kuharibika kwa joto. Kikitoka safi, kitakachofuata ninakijua: utalala usingizi mzuri, kaka utamwambia umepima, na utakuwa hujapima.

Na kwa wengine watakaosoma hapa, ambao kipimo cha choo kinawafaa: kikionyesha damu, msikirudie kuona kama kitabadilika. Nimeona watu wakirudia mara tatu hadi wapate jibu wanalolipenda. Kipimo kimoja chenye damu kinakupeleka kwenye kamera, basi, na ndani ya miezi michache, si mwaka.

Hesabu ya familia inakwenda hivi. Mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto akipata kansa ya utumbo mpana kabla ya miaka 60, wengine katika familia waanze kamera wakiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao huyo aligundulika, chochote kinachotangulia. Mzee aligundulika akiwa na 51 au 52, ukitoa 10 unapata 41 au 42, kwa hiyo 40 inatangulia. Kisha kamera inarudiwa kila baada ya miaka 5 hata kama imetoka safi. Kaka naye mwombe ripoti yake, wanampa akiomba. Angalia mambo matatu: polipu zilikuwa ngapi, kubwa zaidi ilikuwa na milimita ngapi, na maabara ilisema ni aina gani. Ikiwa hata moja ilifika milimita 10, au maabara iliandika kwamba seli zake zimebadilika sana, uzito wake katika hesabu hii ni kama wa kansa.

Kuna jambo la kumuuliza mama, tena taratibu, mkiwa mmekaa. Upande wa mzee, je, kuna shangazi au bibi aliyepata kansa ya mji wa mimba? Kuna baba mdogo aliyekufa kijana kwa tumbo? Zipo familia zinazorithi hitilafu iitwayo sindromu ya Lynch, na alama yake ni kansa za utumbo na za mji wa mimba kurudiarudia kizazi hadi kizazi, nyingi kabla ya miaka 50. Watu wa familia hizo huanza kamera wakiwa na miaka 20 na kitu, na huirudia kila mwaka au miwili. Kwa mlichonacho sasa sina sababu ya kusema mko humo, lakini jibu la mama likiwa ndiyo, mwambie daktari kabla ya kitu kingine chochote.

Tuje kwenye aibu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kila mwanamke aliyewahi kuingia chumba cha kujifungulia analijua hilo kuliko mimi. Mwaka 2000 mtangazaji wa televisheni wa Marekani, Katie Couric, ambaye mume wake alikuwa amefariki kwa kansa hii mwaka 1998 akiwa na miaka 42, aliingizwa kamera huku nchi nzima ikimtazama. Baada ya hapo idadi ya Wamarekani waliokwenda kufanya kipimo ilipanda kwa karibu asilimia 20. Sikuambii ufanye mbele ya watu. Nataka ujue kinachotokea, kwa sababu hofu nyingi ni ya kutojua.

Kazi ngumu si kamera, ni kusafisha tumbo. Siku mbili tatu kabla utaacha vyenye nyuzi na mbegu: mchicha, maharage, mahindi, mapera, pasheni, nyanya zenye mbegu. Kula wali mweupe, mkate mweupe, mayai, samaki. Vidonge vya kuongeza damu viache wiki moja kabla, vinakifanya choo kiwe cheusi tusione kitu. Siku ya mwisho ni vinywaji vinavyopenyeza mwanga tu: chai ya rangi, maji ya madafu, supu iliyochujwa. Usinywe rozela wala chochote chekundu, tutadhani ni damu. Jioni unaanza dawa ya kusafisha, unga unaokorogwa kwenye maji, lita mbili au zaidi kulingana na aina. Nusu unakunywa jioni, nusu alfajiri. Iweke kwenye friji, ikipoa inapita vizuri zaidi, na baada ya kila glasi lamba ndimu. Kaa karibu na choo, jipake mafuta mazito kabla ngozi haijaanza kuwasha. Utajua uko tayari kinachotoka kikiwa maji matupu ya manjano, kama mkojo. Kikiwa bado kahawia, tupigie simu kabla hujapanda gari, maana utumbo mchafu huficha polipu na utakuwa umeteseka bure. Kama unatumia dawa za kisukari, za presha au za kuzuia damu kuganda, tuambie wiki moja kabla.

Siku yenyewe unavaa gauni lenye uwazi nyuma, unalala ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja, umefunikwa shuka. Omba muuguzi wa kike awepo, ni haki yako, na ukitaka daktari wa kike uliza mapema unapopanga tarehe. Unachomwa dawa ya kusinzia. Wengi wanaamka wakiuliza tutaanza lini. Mpira wenyewe ni mwembamba kama kidole, unapindika, una taa na kamera kwenye ncha. Unaingizwa hadi mwanzo wa utumbo mpana, pale unapoungana na utumbo mwembamba karibu na kidole tumbo, na uchunguzi halisi unafanyika wakati wa kurudi. Hapo daktari hapaswi kuharakisha. Kurudi kwa chini ya dakika 6 ni kukimbia, na mikunjo ya utumbo ni kama ya pazia, lazima uifunue mmoja mmoja.

Nikikuta polipu, wakati mwingine imesimama kwenye kikonyo kama uyoga, wekundu wake umezidi kidogo ule wa utando unaoizunguka. Napitisha kitanzi cha waya mwembamba ndani ya mpira, nakivisha shingoni mwa huo uyoga, nakikaza polepole. Rangi inabadilika, kichwa kinaanza kuwa cha zambarau kwa kukosa damu. Nakata. Linabaki kovu jeupe dogo kama punje ya mchele. Wewe husikii kitu. Kile kipande kinaingia kwenye chupa ya formalini, kinaandikwa jina lako, kinakwenda maabara. Mara ngapi nimefanya hivyo sijui, lakini bado nikiona kinyama kinaanguka kutoka kwenye kikonyo chake huwa nawaza familia ambayo haitajua kamwe nini kimewaepuka.

Madhara yapo, nami sifichi. Utumbo kutobolewa hutokea kwa watu wachache kati ya kila 10,000. Damu kutoka sana ni mmoja au wawili kati ya kila 1,000, hasa waliotolewa polipu, na inaweza kuja hata siku kadhaa baadaye. Ukiondoka ukapata maumivu makali yasiyoisha, homa, au mabonge ya damu, rudi hospitali yoyote iliyo karibu usiku huohuo. Gesi na kujisikia umejaa ni kawaida, vinaisha jioni. Usiendeshe gari wala kusafiri peke yako siku hiyo. Na jibu la maabara kalichukue. Chupa zinajibiwa, majibu yanakaa kwenye faili, na mwenyewe harudi kwa kuwa aliambiwa "tumeshatoa". Jibu hilo ndilo linalosema urudi lini.

Umeniuliza hayo tu, lakini najua mtu atauliza kuhusu chakula. Kwa hili Afrika Mashariki ina historia yake. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Uingereza, alikuja Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na baadaye Mulago hadi 1966. Aliona kwamba kansa ya utumbo, iliyojaa katika hospitali za kwao, huku ilikuwa adimu, na mwaka 1971 akaandika kwamba sababu ni chakula: watu waliokula nyuzi nyingi walipata choo kingi na haraka, kisichokaa tumboni. Mwaka 2015 watafiti waliwabadilishia chakula kwa wiki mbili Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na Waafrika 20 wa vijijini Afrika Kusini, kila kundi likila chakula cha wenzao. Ndani ya hizo wiki mbili tu, utando wa utumbo wa Wamarekani ulipoa, na wa Waafrika ukaanza kuonyesha alama za kuvimba na kuwaka. Zile zilikuwa alama, hazikuwa kansa, lakini mimi zilinitosha kubadilisha sahani yangu. Kwa hiyo dona, kunde, mchicha, matunda, endelea navyo. Soseji zipunguze: gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku huongeza hatari kwa asilimia 18. Pombe, sigara na unene navyo vimo. Ila dona haling'oi polipu iliyokwisha kuota, na kwa mwenye historia yako haliwezi kuchukua nafasi ya kamera.

Hapa Tanzania hakuna anayekutumia kifurushi nyumbani kama kaka, itabidi uanze wewe. Nenda hospitali ya mkoa ukaombe rufaa ya kolonoskopi, yaani hiyo kamera, na sisitiza historia ya familia iandikwe kwenye fomu: baba, kansa ya utumbo mpana, miaka 52. Fomu iliyoandikwa "uchunguzi" peke yake mara nyingi bima huikataa au hupangiwa mwisho wa foleni, kwa hiyo waulize bima kabla, upate jibu la maandishi. Kutoka Tanga, KCMC Moshi na Muhimbili ndizo hospitali za rufaa zilizo karibu nawe. Chagua ile yenye ndugu, kwa sababu usiku wa kusafisha tumbo hutaki kuwa gesti yenye choo cha kuchangia, na kesho yake lazima mtu mzima akusindikize kurudi.

Karatasi ya mzee usitembee na halisi. Itoe kopi, ya kwako na za ndugu wengine wa tumbo hilo, na ipige picha umtumie kaka Leicester, awape madaktari wake, maana nao wakijua habari za baba huenda wakabadilisha tarehe ya kumrudia. Kama kuna mdogo wenu ambaye hajafika 40, mwandikieni kwenye karatasi yake mwaka atakaofikisha.